Sikio la Simu na Maradhi ya Mkojo

Wasikilizaji, mtu asimamaye Nakivubo jioni, pale mfereji mkubwa wa Kampala unapopita karibu na uwanja wa mpira, husikia sauti nyingi kwa wakati mmoja. Husikia makondakta wakiita abiria wa teksi, wachuuzi wa soko la Owino wakinadi mitumba, pikipiki zikipenya kila upenyo, na filimbi ya askari wa trafiki ambaye amesimama hapo tangu asubuhi. Chini ya kelele zote hizo yako maji ya mfereji, yakiteremka kuelekea Ziwa Viktoria. Maji hayo hakuna ayasikilizaye. Watu hukunja pua wakapita.

Hata hivyo maji machafu ya bonde hilo yamewahi kusema, na yaliposema Serikali ilisikia. Mwaka 2021 sampuli za majitaka zilizochukuliwa kwenye mtambo wa Bugolobi, ambako huishia mabomba ya katikati ya jiji, zilikutwa na virusi vya polio vya aina ile itokanayo na chanjo. Tangazo likatolewa, na mwezi Januari mwaka 2022 watoa chanjo wakapita nyumba kwa nyumba nchini. Hakuna mtoto aliyechomwa sindano ili habari hiyo ipatikane. Ilipatikana katika kile ambacho watu walikwisha kukitupa.

Mazungumzo ya leo yahusu jambo la jamaa moja na hilo, ila lenyewe ni la mtu mmoja mmoja, na hasa mwanamume aliyevuka miaka arobaini. Nalo ni hili: sauti ya mkojo uangukapo chooni yaweza kupimwa kwa simu ya mkononi, na programu ya akili bandia ikaeleza kama mwendo wa mkojo huo ni wa kawaida au umedhoofika. Wapo watakaocheka. Na wacheke, lakini katika kambi za jeshi na nyumba za polisi wapo wazee wa kazi ambao hawatacheka, kwa sababu usiku wa jana waliamka mara nne.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwezi Julai mwaka 2022, mjini Amsterdam, madaktari wa mfumo wa mkojo wa Ulaya walifanya mkutano wao wa kila mwaka. Katika mkutano huo madaktari wa Hospitali Kuu ya Singapore walitoa taarifa juu ya programu waliyoiita Audioflow. Walikuwa wamewaandikisha wanaume zaidi ya 500. Kila mmoja alijisaidia katika chombo cha hospitali kipimacho mwendo wa mkojo, na papo hapo simu ikanasa sauti. Programu ilifundishwa kulinganisha sauti na kipimo. Ilipokwisha kufundika, majibu yake yalikubaliana na ya chombo cha hospitali kwa zaidi ya asilimia 80. Na ilipotakiwa kusema mwendo upi ni mzima na upi una kasoro, ilikubaliana na madaktari waliowekwa kuwa waamuzi kwa kiasi cha asilimia 84.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili hapana budi kueleza kwanza chombo chenyewe cha hospitali. Kibofu cha mtu mzima hujaza kiasi cha mililita 400 hadi 500 kabla ya kudai haki yake. Mwanamume mwenye afya akianza kukojoa, mkojo hupanda kasi upesi, hufika kilele, kisha hushuka kwa utaratibu mpaka ukaisha. Kilele hicho kwa kawaida huzidi mililita 15 kwa sekunde. Kilele kisipofika mililita 10, daktari hushuku kwamba pana kizuizi njiani, au kwamba msuli wa kibofu umechoka. Tangu mwaka 1948, Mmarekani Willard Drake alipotengeneza mizani ya kuchora mstari wa mwendo huo kwenye karatasi, madaktari wamekuwa wakiutegemea mstari kama vile baharia ategemeavyo dira. Mstari wa mtu mzima una umbo la kengele. Wa mtu mwenye tezi dume iliyovimba hulala chini na kurefuka. Wa mtu ambaye mrija wake umepata kovu na kuwa mwembamba huwa bapa kama meza, kwa sababu mrija hauruhusu zaidi, hata asukume namna gani.

Kipimo hicho hakiumizi. Taabu yake ni nyingine. Chombo kiko hospitali kubwa, na mgonjwa hutakiwa akojoe kwa amri, mchana, mbele ya mlango ambao nyuma yake wamepanga foleni wenzake. Watu wengi hawawezi. Akitoa mkojo usiofika mililita 150, kipimo hakitegemeki, naye huambiwa anywe maji arudi kwenye benchi. Na hata akifaulu, hiyo ni mara moja tu, katika mahali pageni. Ilhali kibofu, kama askari, huwa na siku zake njema na siku zake mbaya. Zaidi ya hapo vipo vipimo vya kuingiza mpira katika njia ya mkojo ili kujua shinikizo la ndani. Hivyo ni vya lazima kwa baadhi ya wagonjwa, wala si vya kulaumiwa, lakini hakuna mtu avisikiaye akatabasamu.

Ndiyo maana wazo la kusikiliza halikuanza na simu. Mwaka 1966 madaktari wawili wa Marekani, Keitzer na Huffman, waliandika juu ya kifaa cha kunasa sauti ya kukojoa na kuichora. Walikuwa na kipaza sauti na karatasi. Hawakuwa na mashine ya kuusoma mchoro. Kilichokosekana wakati ule ni msomaji asiyechoka, na huyo ndiye aliyepatikana sasa.

Wanajeshi na polisi wanaelewa vyema zaidi kuliko raia namna msomaji huyo anavyofundishwa, maana ni kwa njia ile ile wanayofundishwa kuruta. Kuruta haelezwi falsafa ya kugeuka nyuma. Hugeuka, akakosea, akasahihishwa. Hugeuka tena, akakosea kidogo, akasahihishwa. Na baada ya mara elfu moja mwili wake wajua. Programu hukatiwa sauti vipande vidogo vidogo, kila kipande kikageuzwa kuwa picha ionyeshayo sauti nene na sauti nyembamba na nguvu za kila moja. Hutabiri mwendo wa mkojo katika kipande hicho. Mkufunzi, yaani kipimo cha kweli cha hospitali, huiambia imekosea kwa kiasi gani, nayo hujirekebisha. Haijui mkojo ni nini. Haijui tezi ni nini. Inajua tu kwamba kishindo cha namna hii mara nyingi huandamana na mwendo wa namna hii. Jambo hilo la mwisho lafaa kukumbukwa, kwa sababu ndimo zimo faida yake na hatari yake pia.

Utumiaji wa sauti katika tiba si mgeni kwa majeshi. Ian Donald, daktari wa Glasgow ambaye mwaka 1958 alitangaza pamoja na wenzake matumizi ya ultrasaundi katika kuona tumbo la uzazi na uvimbe wa tumboni, alikuwa ametumikia jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Huko ndiko alikojifunza habari za rada na za mitambo inayotafuta nyambizi kwa mwangwi. Baada ya vita aliichukua mashine iliyokuwa ikitumika viwandani kutafutia nyufa katika chuma, akaielekeza kwa binadamu. Leo mtu akipanda kilima kutoka bonde la Nakivubo hadi Hospitali ya Mengo atakikuta chuo cha Ernest Cook, kinachofundisha kazi hiyo ya ultrasaundi. Mengo yenyewe ilianzishwa mwaka 1897. Kwa sauti ambayo sikio halisikii, mtaalamu wa ultrasaundi hupima ukubwa wa tezi dume na kuona ni mkojo kiasi gani umebaki kibofuni baada ya mtu kumaliza, tena bila kisu wala sindano.

Wala vijana wa Uganda hawakuwa nyuma katika sanaa ya kusikiliza. Mwaka 2012 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere walitengeneza kifaa walichokiita WinSenga. Waliunganisha simu na kile kibomba ambacho wakunga hukitia kwenye tumbo la mja mzito ili wasikie moyo wa mtoto, na programu ikayahesabu mapigo. Senga, kwa Kiganda, ni shangazi, yule mwenye jukumu la kumfunda msichana. Mwaka 2018 Brian Gitta, Mganda, alipata tuzo ya Afrika itolewayo na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kwa kifaa cha kupima malaria kwa mwanga bila kutoa damu. Na katika mashindano ya kimataifa ya kutambua kifua kikuu kwa sauti ya kikohozi, Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo vikohozi vya wagonjwa wake vilikusanywa vitumike kufundishia mashine. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba mambo haya ni ya Singapore na Marekani pekee. Kukohoa kwa Kampala tayari kumekwisha kuingia darasani. Kukojoa kwa Kampala bado.

Je, maradhi yenyewe ni yapi? La kwanza ni kukua kwa tezi dume. Tezi hii huizunguka njia ya mkojo mara tu itokapo kibofuni, na kwa kijana ina uzito wa kiasi cha gramu 20. Uchunguzi wa maiti ulikwisha kuonyesha kwamba karibu nusu ya wanaume walio kati ya miaka 50 na 60 wana tezi iliyoota nyama za ziada. Si saratani. Ni kama ukuta wa nyumba uliojengewa upande wa ndani: nyumba ni ile ile, ila ukumbi umekuwa mwembamba. La pili ni kovu katika mrija, na katika Afrika Mashariki asili yake kubwa kwa miaka mingi imekuwa kisonono kisichotibiwa sawasawa, pamoja na ajali za kuvunjika nyonga. Si bure kwamba Mulago, hospitali kuu ya taifa, ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa. Aliyepata kisonono akiwa kuruta, akanunua vidonge viwili vitatu kwa siri akaona amepona, huenda akaletewa hesabu yake akiwa sajini. La tatu ni kichocho cha mkojo, ambacho kwa Uganda makao yake yamejulikana kuwa upande wa Lango, na kwa pwani ni Unguja na Pemba pamoja na sehemu nyingi za Tanzania na Kenya. Askari huhamishwa, na wadudu hawasubiri barua ya uhamisho. Yako pia mawe, ambayo humpenda sana mtu asimamaye juani kutwa bila kunywa maji.

Turudi basi kwa yule askari wa trafiki wa Nakivubo. Yeye si mtu fulani, ni wengi. Ana miaka 52. Asubuhi hanywi maji, kwa kuwa akinywa atataka kwenda haja, na choo cha kulipia kiko ng'ambo ya barabara, na akiondoka njia panda magari yatafungana mpaka mtaa wa Shauriyako, ambao jina lake pekee ni hotuba nzima. Anapokwenda husimama kwa muda mrefu kabla mkojo haujaanza. Unapoanza hukatika. Nyuma yake vijana waliokwisha kulipa huguna. Mwaka wa kwanza aliona ni uchovu, mwaka wa pili akasema ni uzee. Mwaka wa tatu siku moja mkojo ulikataa kabisa, tumbo likajaa na kuuma kupita kiasi, akapelekwa usiku hospitali kuwekwa mpira.

Katika miaka hiyo mitatu hakumwambia mtu. Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Jeshi na polisi hufundisha uvumilivu, nao uvumilivu ni sifa kubwa ya mpiganaji. Lakini kibofu hakina habari ya gwaride. Mkojo ukibaki ndani siku baada ya siku huzaa wadudu na mawe. Kibofu hutanuka mpaka msuli wake ukalegea usiweze kurudi, hata kizuizi kikiondolewa. Na shinikizo likipanda juu huziharibu figo, polepole, bila maumivu. Mwenye figo zilizokufa hutegemea mashine ya kusafisha damu, kama zile za Hospitali ya Kiruddu, mara mbili au tatu kila wiki. Wapo waliofika huko kwa sababu tu waliona haya kusema kwamba mkojo wao ni dhaifu.

Simu haina haya, na mtu haoni haya mbele ya simu. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya uvumbuzi huu, na pengine ni kubwa kuliko usahihi wake. Mtu aweza kujipima nyumbani kwake, usiku na mchana, siku saba mfululizo, akawa na ushahidi wa kuupeleka kwa daktari. Naye daktari, ambaye wataalamu wenziwe wa fani hiyo ni wachache mno katika nchi hii ukilinganisha na wagonjwa, ataweza kujua ni nani aitwe kesho na nani aweza kungoja.

Pamoja na hayo, ingekuwa ni kuwadanganya wasikilizaji kuwaambia kwamba kifaa hicho kilivyo Singapore chaweza kuletwa Nakivubo kikafanya kazi kesho. Kwanza, kilifundishwa mahali pa kimya. Choo cha karibu na maegesho ya teksi si mahali pa kimya. Redio ya jirani, honi na mabati ya mvua vitaingia katika hesabu. Pili, kilifundishwa kusikia mkojo ukianguka kwa namna moja na mahali pa namna moja. Waganda wengi hutumia choo cha shimo, ambamo hamna maji ya kupigwa, na sauti hupotea gizani au hupiga saruji ya sakafu. Mkojo ule ule wa mtu yule yule, ukianguka juu ya saruji na ukianguka majini, hutoa sauti mbili tofauti, na mashine isiyopata kusikia saruji itadhani ni watu wawili. Tatu, wanaume wengi, na hasa Waislamu wafuatao mafunzo ya dini yao, huchutama. Kimo kinapopungua, kishindo hupungua. Mtu mzima wa afya aweza kuambiwa ni mgonjwa kwa sababu ya adabu yake.

Tena waliopimwa walikuwa wanaume. Majeshi na polisi wana wanawake, nao wana maradhi yao ya mkojo, yakiwemo yale machungu yatokanayo na uzazi wa taabu, yaani fistula, ambamo mkojo huvuja bila kukoma. Kwa hayo simu isikilizayo kishindo haina la kusema. Asiwepo afisa wa kuwaahidi.

Lipo na kosa la hatari zaidi, ambalo ni la kuelewa vibaya. Mwendo dhaifu hausemi sababu yake. Kizuizi cha tezi, kovu la mrija na msuli uliolegea vyaweza kuleta sauti zinazofanana. Ni mkono wa daktari, damu, ultrasaundi na vipimo vingine vitakavyotenganisha. Na mwendo mzuri hausemi kwamba hakuna saratani. Saratani ya tezi dume mara nyingi huanzia sehemu ya nje ya tezi, mbali na njia ya mkojo, ikakua bila kugusa mwendo hata kidogo. Daftari la saratani la Kampala, lililoanzishwa mwaka 1954 na ambalo ni miongoni mwa makongwe barani Afrika, limeonyesha saratani hiyo ikiongezeka kwa miongo kadhaa katika kaunti ya Kyadondo. Mtu ambaye simu yake imemwambia kila kitu ni sawa, naye ameona damu katika mkojo wake, asiiamini simu. Aende hospitali siku hiyo.

Halafu pana suala la siri. Sauti ya mtu chooni ni sauti yake, na matokeo yake ni habari ya afya yake. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu imeziweka habari za afya katika fungu la pekee, ambazo haziruhusiwi kukusanywa ovyo. Katika kambi jambo hili lina makali zaidi. Askari akidhani kwamba programu ile itampelekea mkuu wake taarifa, na kwamba taarifa hiyo itamnyima safari ya kulinda amani au kozi ya kupandishwa cheo, atafanya lile ambalo askari yeyote mwerevu angefanya: atampa simu kijana wa miaka ishirini aende akakojoe badala yake. Mashine itasema safi, jalada litaandikwa safi, na mgonjwa atarudi zamuni na ugonjwa wake. Basi kama siku moja kifaa cha namna hii kitaingia katika zahanati za vikosi, funguo za taarifa zake zapasa kuwa mikononi mwa waganga, wala si za ofisi ya utumishi.

Kazi iliyo mbele ni ya kufundisha upya, na si ngumu kama inavyosikika. Makerere wapo wataalamu wa akili bandia ambao wamekwisha kuifundisha simu kutambua vijidudu vya malaria kupitia hadubini. Mulago wapo wagonjwa na wapo madaktari. Majeshi yana hospitali zake, Mbuya na Bombo, na yana kitu ambacho watafiti wengi wa dunia hukitamani: wanaume wengi wa umri mbalimbali, walioandikishwa, wanaoweza kufuatwa kwa miaka. Wakiombwa kwa hiari yao, si kwa amri, na wakielezwa kwa lugha waijuayo, sauti zao zaweza kunaswa juu ya saruji na juu ya maji, wakisimama na wakichutama, palipo kimya na penye mvua ya mabati. Mashine iliyosoma kwao ndiyo itakayowafaa wao. Neno hiari hapo si pambo. Mtu aliyeamriwa kukojoa hakojoi vizuri, na kipimo chake hakifai kufundishia kitu.

Mpaka hapo itakapopatikana, askari hahitaji kungoja Singapore. Anahitaji chupa au kopo lenye alama za mililita, saa, na karatasi. Kwa siku tatu, kila aendapo haja ndogo, aandike saa, aandike mkojo umefika alama gani, na umechukua sekunde ngapi tangu kuanza hadi kukoma. Mililita 300 kwa sekunde 20 ni mwendo wa wastani wa mililita 15 kwa sekunde, nao si wa kutia shaka. Mililita 300 kwa dakika nzima ni mililita 5 tu, na hiyo ni habari. Aandike pia ameamka mara ngapi usiku, kama mkojo hukatika na kuanza tena, kama huona hakumaliza, na kama ameona damu. Madaktari wa Marekani waliandaa mwaka 1992 maswali saba ya namna hiyo, yanayotumika leo katika nchi nyingi, na mwenye karatasi ya siku tatu atakuwa ameyajibu karibu yote kabla hajaulizwa.

Karatasi hiyo haigharimu shilingi, wala hainasi sauti ya mtu. Yule askari wa Nakivubo aweza kuikunja akaitia mfuko wa shati, pamoja na filimbi yake, mpaka siku ya zamu ya kupumzika, akaishika mkononi aingiapo kwa daktari. Kama ataona haya kuanza kusema, aiweke tu mezani.